Themosi Ndani ya Chumba cha Seva

Nélida Bentancur hakuwahi kumheshimu mtu anayetia sahihi asichokisoma, na kwa kipimo hicho katika kliniki ya figo ya mtaa wa La Teja hakuwa akimheshimu karibu mtu yeyote. Wa kwanza kudharauliwa alikuwa mkurugenzi mwenyewe, Daktari Horacio Olascoaga, mwenye kalamu nzuri kuliko zote Montevideo na mkono mwepesi wa kuitumia. Ukimwekea karatasi mbele hakuuliza inasema nini. Aliuliza, "Wapi?" Ukimwonyesha mahali, alisaini kwa mbwembwe, akapuliza wino ukauke, akakurudishia karatasi kwa uso wa mtu aliyekupa zawadi.

Nélida alikuwa mhandisi, mkuu wa kitengo cha kompyuta, mwanamke wa miaka hamsini na kitu mwenye miwani inayoning'inia shingoni na ulimi usio na breki. Yeye alisoma. Kampuni iliyowauzia mfumo endeshi ilikuwa imeandika masharti ya leseni kwa lugha ya watu wanaolipwa ili wasieleweke, na Nélida aliyasoma yote, Jumapili baada ya Jumapili, mkononi kibuyu cha mate, ile chai chungu ya majani ya kwao inayonyonywa kwa mrija, akiwatukana waandishi aya kwa aya. Alipofika mwisho alikuwa amewadharau wote, lakini alikuwa ameelewa.

Jambo lenyewe halikuwa gumu kama walivyotaka lionekane. Kliniki ilikuwa na seva mbili, masanduku mawili ya chuma ndani ya chumba chenye baridi. Katika seva ya kwanza zilikaa mashine pepe kumi na moja, yaani kompyuta zisizo na mwili, zinazoishi ndani ya kompyuta moja kubwa na kila moja ikijiona kamili: moja ya miadi ya wagonjwa, moja ya dawa, moja ya vipimo vya damu, na kadhalika. Seva ya pili ilikuwa ya akiba, ikisubiri siku ya kwanza itakapokufa. Leseni kubwa, ile Nélida aliyoipigania mpaka akakosana na mweka hazina, ilisema hivi: seva iliyolipiwa yote, ijaze mashine pepe kadiri upendavyo. Lakini hiyo moja tu. Mashine hata moja ikikanyaga seva nyingine, hiyo nyingine nayo inataka leseni yake, isipokuwa kama ya kwanza imeharibika kweli. Basi Nélida akazifunga mashine zote kwenye seva ya kwanza zisitoke, akawa analala usingizi wake.

Ndipo ikaja habari kwamba kampuni inamtuma mkaguzi. Daktari Olascoaga aliita mkutano, akasimama mbele ya wauguzi, makarani na mpishi, ambao hawakuwa na lolote la kufanya na leseni, akamnyooshea Nélida ile kalamu.

"Ikionekana tumekiuka, atakayeondoka hapa ni wewe. Masharti ni mambo yako."

"Hatujakiuka," alisema Nélida.

"Acha utoto! Kila mtu amekiuka. Swali ni nani anakamatwa."

Hiyo ndiyo ilikuwa elimu yake yote ya sheria. Alikuwa mmoja wa wale wanaoamini kwamba mtu mnyofu ni mtu ambaye bado hajapewa nafasi, na kwamba kila mlango una upenyo wa nyuma ambao werevu huupitia huku wajinga wakipanga foleni mbele. Nélida aliwajua watu wa aina hiyo tangu shuleni. Walinakili majibu ya jirani, makosa yakiwemo.

Mkaguzi, Bi Ivonne Dutra, alimpigia simu wiki ileile. Sauti yake ilikuwa kavu, lafudhi ya Rivera, mpakani. Nélida alimjibu bila kupindapinda: "Mashine zetu hazijawahi kutoka kwenye seva ya kwanza. Njoo uangalie mwenyewe." Alipokata simu alijua ameweka jina lake juu ya meza, na kazi yake pamoja nalo. Hakuogopa, kwa sababu neno lenyewe lilikuwa kweli.

Lilikuwa kweli mpaka Jumapili.

Jumanne ya ukaguzi mvua ilinyesha tangu alfajiri, ile mvua ya Julai inayoingia mpaka kwenye soksi. Nélida aliwahi kazini, akavua koti, akafungua skrini. Seva ya kwanza ilikuwa na mashine mbili. Mbili tu. Zile tisa nyingine zilikuwa kwenye seva ya akiba, zinapiga kazi kana kwamba zilizaliwa huko.

Msaidizi wake, Milton Techera, alikuwa amesimama karibu na dirisha akijifanya anaangalia mvua.

"Milton. Nani amezihamisha?"

"Habari za asubuhi, Nélida."

"Nimekuuliza nani."

Milton akageuka nusu. Alikuwa mtu mzima mwenye upara na tumbo, lakini mbele ya wakubwa alikuwa na sauti ya mwanafunzi aliyevunja kioo. "Daktari alinipigia Jumapili. Rafiki yake wa klabu amemwambia kwamba leseni inaruhusu mashine mbili tu kwa kila seva. Basi akasema tuache mbili hapo, zilizobaki tuzifiche kwenye ya akiba, halafu ya akiba tuifunike."

"Tuifunike na nini?"

Milton akageukia tena dirishani. Nélida akafungua mlango wa chumba cha seva mwenyewe. Seva ya akiba ilikuwa imevishwa kitambaa cha meza, chenye maua mekundu, kile cha sherehe ya kuaga wastaafu.

"Mbili ni ile leseni ndogo," alisema polepole. "Ya wauza viatu. Sisi tuna kubwa! Kaisaini mwenyewe, mbele yangu, kwa hiyo kalamu yake!"

"Nilimwambia, mama. Akaniambia kama hatuna la kuficha, mkaguzi anakuja kufanya nini."

"Na wewe ukazihamisha."

"Nina watoto, Nélida."

"Kila mwoga ana watoto. Kaa pale, usiguse kitu."

Hasira ilimpanda mpaka miwani ikapata ukungu. Angekuwa ni mwizi aliyewaibia, angeelewa. Mwizi ana faida yake. Lakini kliniki ilikuwa safi, haina doa, na mtu mmoja asiyesoma ameifanya ichafuke kwa kuisafisha. Alificha kitu halali mahali haramu. Nélida alijaribu kukumbuka upumbavu mkubwa zaidi ya huo aliowahi kuuona katika kazi yake, akashindwa.

Alizirudisha mashine tisa kwenye seva ya kwanza, moja baada ya nyingine, zikiwa zinaendelea na kazi. Wagonjwa waliolala wakisafishwa damu hawakuhisi lolote, wala karani wa miadi. Mfumo tu ndio uliojua, maana mfumo huandika kila safari ya kila mashine, ya kwenda na ya kurudi.

"Hizo kumbukumbu si zinafutika?" Milton alinong'ona.

"Zinafutika. Tuwe na makosa mawili badala ya moja, sivyo? Umeshaambukizwa."

Kisha akaenda kwa Daktari Olascoaga. Alimkuta mbele ya kioo anachana masharubu, themosi ya maji ya moto imebanwa kwapani, kibuyu mezani.

"Daktari, zile mashine ulizo—"

"Nélida, leo sitaki kusikia neno mashine wala neno masharti."

"Ni lazima usikie, nimezi—"

"Utakaa mezani, utatabasamu, utaniachia mimi. Nimekwisha kulipanga. Tabasamu unalijua? Hivi." Akamwonyesha meno yake.

Nélida alimtazama. Angeweza kumpigia kelele, lakini kelele hakuzisikia isipokuwa zake. Angeweza kumwandikia, lakini asingesoma. Akafunga mlango akaondoka. Katika korido alipita mbele ya chumba cha seva, penye tangazo lililobandikwa tangu mwaka juzi: marufuku kuingia humu na themosi, kibuyu au kinywaji chochote. Chini yake ilikuwepo sahihi ya mbwembwe ya mkurugenzi. Hakuna aliyelitii, na yeye wa kwanza. Mtu wa Montevideo huingia na themosi yake benki, uwanjani na hata msibani. Utamvua koti wakati wa baridi kabla hujamnyang'anya hiyo. Nélida pekee ndiye aliyekuwa akiiacha yake mlangoni, na walimcheka kwa hilo.

Bi Ivonne Dutra alifika saa nne, mfupi, mwavuli unachuruzika, kompyuta ndogo kifuani. Alikataa kiti cha heshima akakaa karibu na soketi ya umeme, akaiunganisha kompyuta yake na mfumo wa kliniki. Kwa kuwa mvua ilikuwa ikinyesha, jikoni walikuwa wamekaanga torta frita, maandazi bapa ya siku za mvua, na sahani ikawekwa katikati ya meza ikitoa mvuke. Daktari Olascoaga akajimiminia mate, akanywa, akamimina tena, akampa mgeni, huku akizungumza bila kupumua.

"Bi Ivonne, mimi nalieleza jambo hili kwa urahisi. Tazama. Kibuyu hiki ni kimoja, mrija mmoja, na sisi hapa tuko wangapi? Tunapokezana wote. Utasema hapa kuna mate nne? Mate ni moja! Vivyo hivyo kompyuta. Mashine pepe ni hewa. Nani hulipia hewa?"

Ivonne alinyonya mate yake mpaka mrija ukalia, akarudisha kibuyu.

"Daktari, leseni yenu haihesabu kibuyu wala haihesabu midomo," alisema. "Inahesabu themosi. Maji yakitoka themosi moja iliyolipiwa, kunyweni mpaka mchoke, hata mje mtaa mzima. Mkileta themosi ya pili mezani mkamimina hata tone, ya pili nayo inataka leseni."

Nélida aliinua macho. Ilikuwa mara ya kwanza mwezi ule kusikia sentensi yenye akili ndani ya jengo lile, na akasikitika kwamba imetoka kwa adui.

"Ndiyo hivyohivyo ninavyosema mimi," alisema Daktari.

"Sivyo ulivyosema," alisema Ivonne, akageuza skrini yake. "Mhandisi Bentancur aliniambia mashine hazijawahi kutoka kwenye seva ya kwanza. Kumbukumbu za mfumo, mpaka hapa nilipofika kuzisoma, zinasema Jumapili mashine tisa zilihamia seva ya akiba. Kwa nini?"

Milton akashika torta frita akasahau kuila. Nélida alisikia masikio yake yakiwaka moto. Neno lake lilikuwa pale juu ya skrini, limegeuzwa uongo na mtu mwingine.

"Ziko sababu mbili tu," Ivonne aliendelea. "Ama mmekiuka, ama seva ya kwanza iliharibika. Ikiharibika, leseni inawaruhusu."

Alikuwa hajafunga mdomo, Daktari Olascoaga amekwisha kuruka.

"Iliharibika!"

"Daktari," alisema Nélida.

"Iliharibika Jumapili, vibaya kabisa, ndiyo maana. Nélida, nyamaza, mimi ndiye mkurugenzi. Na mpaka sasa ni mbovu. Imekufa! Imebaki sanduku tu."

"Basi nitaiona," alisema Ivonne.

"Utaiona, kwa nini usiione? Maliza kwanza torta frita, zikipoa hazina ladha. Mimi naenda msalani mara moja." Akainuka, akabana themosi kwapani, akatoka akipiga mluzi.

Hakuna aliyeshangaa kuiona themosi ikienda msalani. Huko Montevideo hilo si jambo la kutazamwa mara mbili.

Nélida aligusa ukingo wa meza. Uongo ulikuwa umekwisha kusemwa, tena na mkubwa. Kilichotakiwa kwake ni kukaa kimya tu, kazi yake ikapona. Kliniki nzima ingemshukuru. Lakini angelazimika kuishi na Olascoaga baada ya hapo wakiwa washirika, akimkonyeza kwenye korido, na hilo hakulitaka.

"Haikuharibika," alisema.

Milton alifumba macho.

"Seva ni nzima," Nélida akaendelea. "Ziliondolewa Jumapili kwa amri yake, kwa sababu hajui ana leseni gani. Tuna ile kubwa. Zilikuwa halali pale zilipokuwa. Asubuhi hii nimezirudisha zote kumi na moja kwenye seva ya kwanza, na hivi sasa ziko—"

Skrini ya Ivonne ikaganda. Ya Milton ikawa nyeusi. Kutoka ukumbini karani wa miadi akapiga ukelele, "Jamani, imenikimbia! Yote imenikimbia!" na mlango wa duka la dawa ukafunguka kwa kishindo.

Walikimbia. Walimkuta Daktari Olascoaga ndani ya chumba cha seva, amesimama juu ya kigoda, themosi imepinduliwa juu ya seva ya kwanza, anaipigapiga kitako itoe tone la mwisho. Maji yalikuwa yakishuka mbele ya sanduku, mvuke unapanda, na mahali fulani ndani kitu kikalia tss, kikanyamaza. Mikono ya shati lake ilikuwa imelowa mpaka viwiko.

"Mnaona?" alisema, bila kuona haya hata chembe. "Niliwaambia ni mbovu."

"Mashine zote zilikuwa humo," alisema Nélida.

"Zipi? Si zimefichwa kule, chini ya kitambaa!"

"Nilizirudisha. Nilikuja kukwambia. Ukanifundisha kutabasamu."

Ilimchukua muda kuelewa. Nélida alimtazama akielewa, hatua kwa hatua, na hakuyageuza macho yake. Hapakuwa na mgonjwa aliyedhurika, maana mashine za kusafisha damu hujitegemea, na wauguzi walikuwa wamekwisha kuchukua kalamu wakaandika kwa mkono. Data nazo zilikaa kwenye hifadhi ya pembeni, ukuta wa pili, maji hayakufika. Kilichokufa ni chuma tu. Kilikuwa chuma kizuri, hakikuwa na kosa.

"Bi Ivonne," Nélida aligeuka. "Nauliza kwa mujibu wa masharti. Seva ya kwanza imeharibika?"

Ivonne akainama, akachungulia ndani, maji yakamdondokea kiatuni. "Imeharibika."

"Naweza kuziwasha kwenye ya akiba?"

"Sasa unaruhusiwa."

Nélida akavuta kile kitambaa cha maua, akakitupa sakafuni juu ya dimbwi, akakaa kwenye kibodi. Ya vipimo kwanza, kisha ya dawa, kisha ya miadi. Kutoka ukumbini wakasikia karani akishangilia. Milton alipiga magoti akapangusa maji, na Nélida akamwacha apanguse.

Ivonne alirudi mezani akaandika. Alimwita Milton akamuuliza maswali, na Milton, kwa kuwa mwoga humwogopa aliye karibu zaidi, akasema yote. Baada ya kitambo printa ikatoa kurasa mbili.

"Leseni ya seva ya akiba mtainunua, kwa sababu ya Jumapili," alisema Ivonne. "Hilo halikwepeki. Haya ni maelezo ya kuharibika kwa seva. Nakala moja ya kampuni, moja ya baraza la wanachama wenu. Nahitaji sahihi ya mhandisi na ya mkurugenzi."

Baraza la wanachama ndilo lililoajiri wakurugenzi wa kliniki ile, na ndilo lililowafukuza. Nélida akavaa miwani akasoma kama alivyosoma kila kitu, mstari kwa mstari. Ukurasa wa kwanza ulisema mashine zilikuwa halali mpaka Jumapili, na kwamba zilihamishwa kwa amri ya Daktari Horacio Olascoaga, pasipo mhandisi kujua. Ukurasa wa pili ulisema Jumanne seva iliharibiwa kwa maji ya moto yaliyomiminwa na Daktari huyohuyo, kwa mkono wake, kwa makusudi, mbele ya mashahidi watatu, ndani ya chumba chenye tangazo la kukataza aliloliweka yeye. Hapakuwa na neno la ziada wala la kupunguza. Nélida akasaini, akasogeza kurasa upande wa pili wa meza.

Daktari Olascoaga alikuwa amekwisha kukausha mikono na kuchana masharubu upya. Rangi ilikuwa imemrudia. Alikuwa amesikia "imeharibika" na "unaruhusiwa", akajumlisha mwenyewe, akaona amewashinda tena.

"Isome, Daktari," alisema Nélida. Alilisema waziwazi, mbele ya watu, ili asije akasema hakuambiwa.

"Nélida, binti yangu, mimi nimesoma makaratasi tangu wewe hujajua kushika kalamu." Akamkonyeza mkaguzi, akatoa ile kalamu yake. "Wanawake wa kompyuta, Bi Ivonne! Wapi?"

Ivonne akaweka kidole mwisho wa ukurasa wa pili. Daktari akasaini kwa mbwembwe, akainama akapuliza wino ukauke, akamrudishia kurasa zake. Nélida alimtazama akichukua torta frita iliyopoa, akaitafuna, na hakumwonea huruma hata kidogo.